Baluni Ambayo Sikuirusha

Mji mzima wa Lubumbashi ulikiona kitu kile isipokuwa mimi, na mimi ndiye niliyekuwa kazini kuangalia mbingu.

Nimeanza na hilo, vijana wa kituo, ili tusipoteze wakati. Wajukuu wangu wananiletea simu zao, wananionyesha taa zinazoruka juu ya nchi za watu, halafu wananiuliza: "Nkambo, na hapa kwetu? Ni kweli serikali ilifichaka?" Ndiyo, ilificha. Nami najua ilichoficha, kwa sababu mimi ndiye niliyeipa kitu cha kuficha. Lakini mvumilie kwanza habari za kazi yangu, maana msipoijua kazi ya siku zile hamtaielewa aibu yake.

Nilikuwa mwangalizi wa hali ya hewa kwenye uwanja wa ndege, tangu nilipomaliza sekondari hadi goti liliponikatalia ngazi. Nilizaliwa Kilwa, kando ya ziwa Mweru, ambako kila mvuvi anasoma wingu bila cheti. Baba yangu hakuelewa hadi kufa kwake kwa nini serikali ilinipa ofisi na kiti ili nifanye jambo ambalo yeye alilifanya akiwa amesimama ndani ya mtumbwi.

Kazi yenyewe ni kutoka nje. Kila saa unatoka, unafungua kile kibanda cheupe cha mbao, unasoma vipimajoto, unapima mvua, unaangalia mawingu na kukadiria yamefunika sehemu gani ya mbingu. Leo mnayo mashine inayofanya hayo yote usiku na mchana bila kupiga miayo. Hata hivyo nawaambia mtoke. Na mkifungua kibanda, shikeni pumzi, msome desimali kwanza, ndipo nambari kubwa, kwa sababu uso wako ni jiko dogo na unavyozidi kuikodolea macho zebaki ndivyo inavyopanda. Mwanzoni mwangu Lubumbashi ilikuwa na joto kuliko miji yote ya jirani. Watu wa mji mkuu walituma barua kuuliza kulikoni. Mkubwa wangu alikuja kusimama nyuma yangu, akaniona naingiza kichwa kibandani na sigara mdomoni.

Huyo mkubwa alikuwa Papa Mbuyi, mtoto wa Wakasai waliokuja kujenga reli. Alivaa tai kila siku, hata siku ya kufyeka majani uwanjani. Hakutukana mtu. Alirudia tu maneno yako, polepole, mpaka wewe mwenyewe uone ubaya wake. "Kumbe kwako ni sigara njo inapima joto," akasema siku ile, kisha akaenda zake. Sijavuta tena kazini.

Tulikuwa pia na baluni. Asubuhi mara moja na jioni mara moja, unajaza baluni ya mpira kwa hidrojeni, unaiachia, halafu unaifuata kwa teodoliti, yaani darubini yenye miguu mitatu inayokupa pembe. Mmoja anatazama na kutaja pembe, mwenzake anaandika. Kwa pembe hizo unahesabu upepo wa juu, na marubani wanaungojea. Jioni, kwa kuwa giza linaingia, chini ya baluni tulining'iniza taa ya karatasi yenye mshumaa ndani. Ndiyo, mshumaa chini ya hidrojeni. Yule aliyeuwasha alikuwa Mkristo hodari kwa muda wote wa shughuli ile.

Kosa ambalo kila mtu wa kazi yetu amelifanya mara moja, ingawa wengi watakana, ni hili. Jioni moja nilifuata taa yangu kwa uaminifu mkubwa, Papa Mbuyi akiandika. Baada ya muda akauliza, "Kabwe, baluni yako inapanda?"

"Hapana, chef. Imetulia."

"Upepo unaipeleka wapi?"

"Hauipeleke, chef."

"Sasa inafanya nini?"

"Inashuka kidogo kidogo."

Akaweka kalamu chini. "Basi uiache ilale. Ile ni Zuhura."

Nilikuwa nimeipotezea macho baluni na kuishika ile nyota kubwa ya jioni. Kicheko chake kilikuwa kifupi, lakini kwa miaka mingi, nikikosea jambo lolote, hata kutia chumvi nyingi kwenye maharage, aliniuliza kama Zuhura imeshalala.

Sasa tuje kwenye aibu.

Hidrojeni ilikuja kwa treni, ndani ya chupa za chuma ndefu kama mtu. Wakati nchi ilipokuwa bado inaitwa Zaire ulifika msimu ambao treni iliendelea kuja, chupa hazikuja. Tuliandika kuomba. Hakuna aliyejibu. Lakini siku tuliyokosa kutuma habari za upepo wa juu, karipio lilitufikia mara moja. Kwa hiyo tukajifunza kupika upepo. Unachukua upepo wa jana, unaongeza kidogo hapa, unapunguza kidogo pale, unatuma. Wakati wa kiangazi upepo wetu unatoka upande uleule wa mashariki kwa wiki nyingi, hivyo haikuwa kazi ngumu. Kusema kweli tulipika vizuri. Hakuna rubani hata mmoja aliyelalamika, jambo ambalo mpaka leo sijui kama ni sifa au matusi.

Jioni yenyewe nilikuwa zamu peke yangu. Jua lilikuwa limetua punde tu, na mimi nilikuwa ndani, nimeinama juu ya meza, napika. Niliandika kwamba baluni ya jioni imerushwa kwa saa yake, kwamba taa yake imefuatwa vizuri, na kwamba imepotea upande wa magharibi kwa sababu ya vumbi. Hilo la vumbi nililiongeza kwa kupenda tu. Nilikuwa nimeanza kujiona fundi. Nikatuma kwa redio, nikanyoosha mgongo, nikatoka.

Mlinzi wa geti alikuwa amesimama katikati ya njia, kofia mkononi.

"Chef," akaniambia, "ile ilikuwa kintu gani?"

"Kintu gani?"

Akanitazama kwa huruma. "Basi. Kimeisha kwenda."

Walichokiona nimekisikia mara nyingi, na walio makini wote wanakieleza kwa namna moja. Mwanga mrefu, mwekundu kama mabaki ya shaba yanapomwagwa kutoka kiwandani yakiwa bado ya moto. Ulisimama upande wa magharibi bila sauti, ukakaa muda wa kusonga bukari, yaani ugali, ya watu wengi, kisha ukaelekea kusini, taratibu, ukaisha. Katuba, mtaa nilioishi, mechi ilisimama bila mwamuzi kupuliza filimbi, na mwamuzi naye alikuwa ametazama juu.

Wale niliosema walikuwa makini, wa kwanza wao alikuwa jirani yangu, Muzee Ramazani. Alikuwa fundi cherehani, wazazi wake walitoka Maniema, na alishona suruali za nusu ya mtaa, yangu ikiwemo. Kwa Waislamu wa kwetu alikuwa na kazi nyingine. Kila mwisho wa mwezi alisimama kwenye kiwanja nyuma ya shule akitafuta mwezi mwandamo, na akisema ameuona, watu wanahesabu kuanzia hapo. Hakuwa na cheo. Alikuwa na macho, na hakuna aliyewahi kumkuta amesema uongo. Jioni ile alikuwa kiwanjani hapo kwa kazi hiyo, kitu kikasimama mbele yake. Watu wa usalama walipomwita ofisini kwao na kumuuliza, alijibu kwamba amekiona, na kwamba hakijui.

Kesho yake gari jeusi lilikuja kituoni. Alishuka bwana mmoja wa usalama aliyevaa miwani ya jua, na hakuivua hata ndani, hivyo ilimbidi asogee dirishani ili asome. Alitaka kuona tulichotuma jioni iliyopita. Papa Mbuyi akamletea. Bwana akasoma, akasoma tena, uso ukamtulia kama wa mtu aliyeokota funguo zake.

"Citoyen," akaniambia, yaani mwananchi, kama tulivyoitana siku zile, "hapa uliandika baluni ilikuwa hewani. Na taa. Upande wa magharibi."

Vijana, hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Lakini kama baluni haikuwa hewani, mimi nilikuwa natuma nini kwa serikali, na tangu lini? Nilimtazama Papa Mbuyi. Papa Mbuyi alikuwa anatazama tai yake.

"Ndiyo, Citoyen," nikasema.

Akaichukua karatasi, akaitia ndani ya bahasha, akaibandika lakiri nyekundu, akatuambia kwamba kuanzia saa ile jambo hili ni siri ya taifa. Siri ya taifa ilikuwa kwamba kituo hakina gesi, ila yeye mwenyewe hakujua. Alipofika mlangoni akarudi hatua moja, akavua miwani. Alikuwa na macho ya mtu wa kawaida kabisa.

"Kati yetu, Citoyen. Ile kintu ilikuwa nini?"

"Baluni," nikajibu.

Alisikitika waziwazi. Nadhani watoto wake walikuwa wamemtuma.

Redio ilitangaza kwa Kifaransa na kwa Kiswahili kwamba wananchi watulie, kilichoonekana ni baluni ya hali ya hewa, na atakayeeneza habari nyingine atajieleza mbele ya wahusika. Mngeona jinsi mji ulivyojua kubadilika. Kabla ya wiki kwisha kila mtu alikuwa ameitambua baluni tangu mwanzo. Jamaa mmoja wa mtaa wetu, ambaye jioni ile alitolewa chini ya kitanda na mkewe, alinieleza mimi, mimi mwenye baluni, rangi ya kamba yake.

Wengine walinong'ona kwamba serikali inaficha mashine ya wageni. Serikali nayo ilishuku kwamba kituo kinajua zaidi. Na kituo, yaani mimi na Papa Mbuyi, tulikuwa hatujui hata lini treni italeta chupa. Ndiyo maana nikisikia leo kwamba wakubwa wa mahali fulani wamefungia ukweli ndani ya kabati, nafikiri huenda kabati ni tupu na wanaona haya kulifungua.

Mtu mmoja tu hakubadili neno. Kila aliyemuuliza Muzee Ramazani alipewa jibu lilelile: sikijui, lakini si baluni.

Nilikwenda kwake kuchukua suruali. Alikuwa anashona, hakuinua kichwa.

"Kabwe, mwanangu. Ile baluni yenu, ukubwa wake sawa nini?"

Nikamwonyesha kwa mikono.

"Na taa yake?"

"Mshumaa, Muzee."

Akaendesha cherehani mpaka mwisho wa mshono. "Mushumaa," akasema. Akakata uzi kwa meno. "Weye mwenyewe njo uliirusha?"

Nikamwambia kwamba serikali imeshatangaza.

"Sikuuliza serikali. Serikali haishonewe suruali hapa. Niko nauliza weye."

Nilichukua suruali yangu nikaondoka. Ilinikaa vizuri sana, na hilo lilizidi kunichoma.

Sikudhani kwamba neno langu moja lingemfikia mbali vile. Mwezi uliofuata ulikuwa wa kutafuta mwandamo wa Ramadhani. Vumbi na moshi wa majani vilikuwa vimejaa angani. Muzee Ramazani alisema ameuona, kwa muda mfupi, kati ya moshi na moshi. Wengine hawakuuona. Miaka yote neno lake lilitosha, lakini safari hii walitazamana. Mmoja akasema, kwa adabu, kwamba Muzee amezeeka. Mwingine, bila adabu, akauliza mtu aliyeshindwa kutambua baluni atautambuaje mwezi. Wakaamua kungoja kesho.

Mimi nilijua kwa sababu asubuhi nilipita kwake na karanga, akazikataa. Nikamwambia wenzake nimewaacha wanakunywa chai.

"Benyewe batafunga kesho," akasema. "Siye tumefunga leo. Mimi na mama."

Siku ile watu wawili tu walifunga Katuba, yeye na mkewe, nyumba ikiwa imezungukwa na harufu ya vitumbua. Aliponieleza sababu, nilirudi nyumbani na karanga zangu, na sikuzila.

Tena akanieleza jambo lingine, na alilieleza bila kulia shida, kama anavyokueleza kwamba kitambaa hakitoshi. Mwezi wao hauzidi siku thelathini. Yeye alikuwa mbele ya wengine kwa siku moja. Kwa hiyo jioni atakayomaliza hesabu yake, mwandamo lazima uonekane. Usipoonekana, itakuwa wazi kwa wote kwamba aliona kitu kisichokuwepo, na hakuna atakayemuuliza tena habari za mbingu. "Na itakuwa haki yao," akasema.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Papa Mbuyi. Nilikuwa nimeyaandaa maneno njiani, lakini yalitoka vibaya.

"Chef, jioni ile sikurusha baluni."

"Najua," akasema. "Ungerusha na gaz ya wapi?"

"Ulijua na ulinyamaza?"

"Kabwe. Nani alikufundisha kupika upepo?"

Tukatazamana, wapishi wawili. Nikamweleza habari za Muzee Ramazani. Nikasema nitakwenda redioni. Akayarudia maneno yangu polepole, redioni, akaniuliza nani atanifungulia mlango wa redio, na nani atanifungulia mlango wa mahali nitakapopelekwa baadaye. Alikuwa na watoto saba na mimi nilikuwa na wawili. Kisha akalegeza tai, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Siye hatuwezi kusema serikali imedanganya," akasema. "Lakini hakuna mutu alitukataza kuisaidia."

Lazima niwaambie kwamba wiki ile gesi ilikuwa imefika. Mnaweza kukisia kwa nini. Mji mkuu ulikuwa umefurahi kusikia kwamba kituo chetu kinafanya kazi vizuri kiasi cha kutangazwa redioni, wakatutumia chupa mpya pamoja na pongezi. Papa Mbuyi alizisoma pongezi zile kwa sauti, mara mbili, bila kucheka. Sijui alivyoweza.

Mpango wake ulikuwa huu. Alimwandikia mkuu wa zone, ndivyo tulivyoita commune siku zile, kwamba kituo kinaomba kuwaonyesha wananchi wa Katuba, kwa macho yao, baluni ambayo serikali iliwaeleza. Iwe jioni, kama siku ile, kwenye kiwanja nyuma ya shule. Mkuu alipenda sana. Alitaka hotuba iwe ndefu. Papa Mbuyi akaichagua siku: jioni ambayo Muzee Ramazani atamaliza hesabu yake.

Nilipinga. Nilimwambia mwezi ukikataa kuonekana, tutakuwa tumemvua nguo mzee wa watu mbele ya mtaa mzima.

"Macho yake iko mazuri?" akauliza.

"Anatia uzi kwenye sindano bila miwani."

"Basi aliona. Kama aliona, jioni ile mwezi utakuwapo. Kazi yetu ni kutoka nje tuuangalie. Weye njo unaisahauka hiyo."

Jioni ikafika. Tulibeba chupa ya gesi kwenye pikapu, imefungwa kamba kama ng'ombe, na mtu mmoja akikimbia mbele kuwaambia wavuta sigara wakae mbali. Kiwanja kilijaa. Waislamu walikuwa upande wao wa magharibi, na Muzee Ramazani amesimama mbele kidogo, mikono nyuma. Hakunisalimia, nami sikustahili.

Mkuu alipanda juu ya benchi la shule. Alisema kwamba adui wa maendeleo ni uvumi, kwamba serikali haina siri kwa wananchi wake, na kwamba kile walichokiona ndicho hiki wanachokwenda kukiona. Tulikuwa tumekwisha kuijaza baluni. Papa Mbuyi aliwasha mshumaa kwa mkono uliotulia, akanitazama, nikaachia.

Ilipanda vizuri. Ilikuwa kubwa kama gunia la makaa wakati inaondoka, halafu kama tikiti, halafu kama ngumi. Taa yake ilikuwa doa dogo la manjano. Upepo wa mashariki uliichukua haraka ukaipeleka juu ya mapaa ya nyumba. Watu walilazimika kukunja macho. Kabla mkuu hajashuka kwenye benchi, wengi walikuwa wameshaipoteza.

Watu walikuwa bado wanatazama juu, wanangoja ile nyingine.

Mama mmoja muuza vitumbua, aliyekuwa karibu na benchi, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza njia: "Ile? Ile njo tulionaka?"

Kicheko kilianzia kwa wanawake. Hakikuwa cha dharau, kilikuwa cha watu wanaokumbuka macho yao. Yule jamaa wa chini ya kitanda aliulizwa na watu wanne kwa pamoja juu ya rangi ya kamba. Mkuu alingoja, akatazama huku na huku, na mwishoni akacheka naye. Hakuna aliyesema serikali imekosea. Hakukuwa na mtu wa kukamata. Nikaona vichwa vinageuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea mahali alipokuwa Muzee Ramazani.

Yeye hakugeuka. Alikuwa ametazama magharibi. Vumbi lilikuwa pale pale chini, jekundu, na mwezi haukuonekana.

Mimi nilikuwa kwenye teodoliti, nataja pembe, na Papa Mbuyi anaandika. Upepo ulikuwa umeipeleka baluni upande huo. Nikaifuata mpaka ikanitoka, nikazungusha bomba kidogo nikiitafuta, na badala ya taa nikauona mwezi. Mwembamba, umelala, kama uzi mweupe uliosahaulika kwenye nguo nyekundu. Kwa macho matupu hakuna mtu ambaye angeuona bado. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Pembe?" akauliza Papa Mbuyi.

Nikampisha. Akainama akatazama kwenye darubini. Akainuka, akafunga kitabu, akaanza kukaza tai yake taratibu, akitazama upande mwingine kabisa.

Tukangoja. Niliwangojea wajukuu wangu wazaliwe, lakini sikuwahi kungoja kama vile. Vumbi lilikuwa linapanda na kushuka. Niliogopa kwamba mwezi utatua kabla hajauona, na kwamba safari hii pia kunyamaza kwangu kutakuwa kumemuua.

Muzee Ramazani akatoa mkono mmoja nyuma ya mgongo, akaunyoosha.

"Ule pale," akasema. Hakupaza sauti.

Wakamfuata kidole. Mmoja akauona, halafu watatu, halafu upande wote ule wa kiwanja ukawa mikono. Yule aliyesema Muzee amezeeka alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akakaa hivyo muda mrefu. Kijana mmoja akanigeukia mimi akanitania.

"Na weye na mashini yako yote hiyo, ulikuwa umeuona?"

"Hapana," nikasema. "Muzee ameona wa kwanza."

Mahesabu ya upepo ya jioni ile yalikuwa na pengo. Tuliyatuma hivyo hivyo, na pengo lake.

Nimewaambia makosa yangu, na bado yapo mengine ambayo mke wangu ameomba niyaache. Kile kitu msiniulize. Muulizeni aliyekuwa nje. Papa Mbuyi amekwisha kufa, na alizikwa na tai. Bahasha yenye lakiri, kama panya hawajaila, ipo mahali fulani, na siku watakapoifungua kwa sherehe watakuta upepo wangu.

Siku ya Idi Muzee Ramazani alituma sahani ya wali nyumbani, pamoja na maneno kwamba nikimaliza kula nipite kwake. Nilipita. Alikuwa peke yake dukani. Alisema suruali yangu imechakaa, jambo ambalo si kweli, ilikuwa na miezi miwili, na kwamba anataka kunishonea nyingine. Akanisimamisha, akanizungushia futi kiunoni.

"Ile mashini yako," akasema nyuma ya mgongo wangu, "inaonaka mbali?"

"Inaona mbali, Muzee."

"Kuliko macho ya mutu?"

"Kuliko macho ya mtu."

Nikasikia futi linakaza, kisha linalegea.

"Kabwe."

"Ndiyo, Muzee."

"Achia tumbo. Unanipa kipimo cha uongo."

Nikaliachia.